Mahojiano na mkosaji yamalizwe lini, na vipi? Neno la mlangoni linaweza kubadili maisha

Faili limefungwa. Kalamu imerudi mfukoni. Asistanti sosiali anasimama, anamshika kijana mkono na kumwambia waonane wiki ijayo. Kijana anafika mlangoni, anashika kitasa, halafu anageuka: « Mama, yule mjomba... nikirudi kwake atanipiga tena. »

Kwa muda wa dakika arobaini kijana huyo alikuwa amejibu maswali yote: jina, umri, shule, wazazi, simu aliyoiba sokoni, wenzake waliomtuma. Kwenye karatasi imeandikwa tayari kwamba mjomba yuko tayari kumpokea nyumbani. Karatasi hiyo itafika kwa hakimu kesho asubuhi. Nje, katika kolidoo, watu wengine sita wanangoja zamu yao.

Huu ni mfano, si kesi ya mtu fulani. Tuseme kijana ana miaka 16 na anatoka komini ya Katuba, mjini Lubumbashi. Lakini kila anayefanya kazi ya kuhoji watu waliokosea sheria anaujua mtindo huo: neno zito hutoka mwishoni, wakati kila mtu ameshasimama. Ndiyo sababu swali linaloonekana dogo, la lini na vipi mahojiano yamalizwe, ni swali linalogusa uhuru wa mtu, usalama wake, na pia usalama wa yule aliyeibiwa au kujeruhiwa.

Kazi moja, majina mengi

Katika nchi jirani kazi hii ina jina linalojulikana. Kenya, Uganda na Tanzania zina maafisa wa probesheni. Afisa huyo humchunguza mtu aliyepatikana na kosa, huandika ripoti kwa hakimu, na mtu akiachiwa kwa masharti, humfuatilia akiwa nyumbani kwake badala ya gerezani. Nchini Kenya huduma hiyo ilianza tangu miaka ya 1940, na mwaka 1998 ikaongezwa sheria ya adhabu za kutumikia jamii. Tanzania nayo ilitunga sheria yake ya kutumikia jamii mwaka 2002.

Mizizi iko mbali zaidi. Huko Boston, Marekani, mwaka 1841, fundi viatu aitwaye John Augustus alimwomba hakimu amwachie mlevi mmoja badala ya kumfunga, akaahidi kumsimamia na kumrudisha mahakamani baada ya muda. Uingereza ilitunga sheria ya probesheni mwaka 1907, na sheria hiyo ikampa afisa kazi tatu: kumshauri mkosaji, kumsaidia na kuwa rafiki yake.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, anayefanya kazi iliyo karibu zaidi na hiyo ni asistanti sosiali wa mahakama ya watoto, ile ambayo wengi huiita tribinali ya watoto. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inasema kwamba aliye chini ya miaka 14 hawezi kubebeshwa jukumu la kosa la jinai. Kwa mwenye umri wa kati ya miaka 14 na 18, hakimu anaweza, kesi ikiwa bado inaendelea, kumwacha chini ya mamlaka ya wazazi au walezi wake. Anaweza pia kumwamuru akae nyumbani chini ya uangalizi wa asistanti sosiali, au kumtoa katika mazingira yake na kumkabidhi kwa muda kwa mume na mke wenye tabia njema au kwa kituo cha kijamii kinachotambuliwa.

Hakimu hamjui mtoto. Anaijua ripoti. Na ripoti inatokana na mahojiano.

Kwa watu wazima, sheria ya jinai ya Kongo inaruhusu mfungwa aachiliwe kwa masharti baada ya kumaliza robo ya kifungo chake, ikiwa ameshakaa ndani zaidi ya miezi mitatu. Kwa nini jambo hilo lina uzito, jibu linaonekana Kinshasa. Gereza la Makala lilijengwa kwa ajili ya wafungwa 1 500, na kwa miaka mingi limebeba idadi inayozidi hiyo mara kadhaa. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024, watu wasiopungua 129 walikufa humo katika jaribio la kutoroka, kwa hesabu iliyotolewa na serikali. Kila mtu anayeweza kusimamiwa vizuri akiwa nje ni nafasi moja inayopungua ndani. Lakini kusimamia vizuri kunategemea kujua ukweli wake.

Mwisho ndio unaokumbukwa

Wataalamu wa akili ya binadamu wamepima jinsi mwisho wa jambo unavyobaki kichwani. Mwaka 1993, Daniel Kahneman na wenzake waliwaomba watu waingize mkono katika maji ya baridi kali, ya digrii 14, kwa sekunde 60. Mara nyingine watu hao hao walikaa sekunde 60 katika maji yale yale, kisha wakaongezewa sekunde 30, maji yakipashwa polepole kufikia digrii 15. Walipoulizwa ni zoezi gani wangekubali kulirudia, wengi walichagua lile refu. Waliteseka zaidi, lakini mwisho ulikuwa na nafuu, na nafuu hiyo ndiyo iliyobaki katika kumbukumbu yao.

Maji si mahojiano. Hata hivyo, anayetoka katika ofisi ya msimamizi wake anatoka na kitu kile kile: ladha ya dakika za mwisho. Aliyemalizwa kwa maneno « haya, toka, aingie mwingine » atakumbuka hayo, hata kama nusu saa iliyotangulia ilikuwa ya heshima. Na yeye ndiye anayeamua kama atarudi wiki ijayo au atabadilisha mtaa.

Kuna ushahidi mwingine kutoka jimbo la Manitoba, Kanada. Mtafiti James Bonta na wenzake walirekodi mazungumzo ya maafisa wa probesheni na watu wanaowasimamia, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Waligundua kwamba pale afisa alipotumia muda mrefu kuhesabu masharti ya mahakama, yaani zaidi ya dakika kumi na tano, wasimamiwa wake walirudia makosa kwa wingi kuliko wale ambao masharti yao yalizungumzwa kwa kifupi na muda uliobaki ukaenda kwenye matatizo yenyewe: marafiki, pombe, kazi, mawazo yanayomsukuma mtu kuiba. Takwimu hizo haziwezi peke yake kuthibitisha kwamba hotuba ya masharti ndiyo iliyosababisha kosa. Zinatosha kumwonya yeyote anayezoea kufunga mahojiano kwa kusoma orodha ya makatazo huku mwenzake akitazama saa.

Dalili kwamba wakati umefika

Kosa la kwanza linalofanyika mara nyingi ni kuacha karatasi iamue. Fomu ikijaa, mahojiano yanaisha. Lakini fomu inaweza kujaa kwa dakika kumi na mbili bila mtu kusema lolote la kweli, na inaweza kubaki na mapengo ilhali jambo kuu limeshasemwa.

Kipimo bora ni lengo. Kabla ya mtu kuingia, anayehoji anapaswa kujua leo anatafuta nini: picha ya familia kwa ajili ya ripoti? Sababu ya kukosa miadi miwili? Maelewano kuhusu kulipa deni la aliyeibiwa? Lengo likifikiwa, na aliyehojiwa akaweza kusema kwa maneno yake kilichoeleweka na kinachofuata, wakati wa kufunga umefika, hata kama imebaki robo saa. Kuendelea baada ya hapo ni kumfundisha mtu kwamba kusema ukweli kunaongeza maswali.

Dalili ya pili ni uchovu. Majibu yakiwa « ndiyo », « sijui », « kama unavyosema wewe », mtu amechoka au ameanza kumpa anayehoji anachotaka kusikia. Kwa mtoto hali hiyo huja mapema, na huja mapema zaidi kama hajala tangu asubuhi. Jibu lililopatikana katika hali hiyo ni hatari kuliko pengo, kwa sababu kwenye ripoti litasomeka kama ukweli.

Uchovu huo huo humpata anayehoji. Asistanti aliyepokea watu wanane tangu saa mbili asubuhi, ambaye hakumbuki tena ni nani aliyesema baba yake amekufa, hasikilizi tena. Kukiri jambo hilo si udhaifu. « Tumefika mbali leo, sehemu iliyobaki nataka niisikie vizuri, turudi Alhamisi » ni maneno ya mtu anayeijua kazi yake.

Tatu ni hali ya mtu. Aliyekuja amekunywa lutuku, au amevuta kitu, hahojiwi. Hakuna faida ya kuanza ugomvi naye. Anaambiwa kwa utulivu kwamba leo mazungumzo hayatawezekana, anapewa tarehe nyingine ya karibu, na jambo linaandikwa kama lilivyoonekana: harufu, mwendo, maneno. Haliandikwi kama tusi.

Nne ni hatari. Sauti ikipanda, mtu akisimama na kuegemea meza, akianza kutaja kwa vitisho watoto wa anayemhoji, mahojiano yanaisha hapo hapo. Kosa la wengi ni kutaka kwanza washinde mabishano. Sentensi inayofaa ni fupi na haina lawama: « Papa, naona jambo hili limekuchoma. Tusimame hapa kwa leo. » Anayehoji anapaswa kuwa amekaa tangu mwanzo upande ambao mlango hauko nyuma ya mwenzake, na kuwe na mtu mwingine katika jengo. Kupanga kikao cha mwisho saa kumi na moja jioni, ofisi zote zikiwa tupu, ni kujiweka katika mtego.

Wakati ambapo mlango usifunguliwe

Kuna nyakati ambapo saa inasema toka, lakini kazi inasema kaa.

Wa kwanza ni baada ya machozi. Mtu aliyetoka kueleza jinsi mama yake alivyouawa, au jinsi yeye mwenyewe alivyofanyiwa ukatili, hawezi kuambiwa « asante, tumemaliza ». Katika mikoa ya mashariki, ambako vita vimepita katika nyumba nyingi, jambo hilo si la nadra. Dakika tano za kumrudisha mtu katika siku ya leo zinahitajika: maji ya kunywa, swali kuhusu nani atakuwa nyumbani jioni, njia atakayopita, ataenda kufanya nini akitoka. Maswali hayo yanaonekana ya kawaida mno, lakini ndiyo yanayomwezesha kutembea barabarani bila kubeba jeraha wazi.

Wa pili ni pale mtu anaposema, hata kwa mzaha, kwamba amechoka kuishi. Hapo anayehoji anauliza waziwazi: unafikiria kujiua? Umepanga namna gani? Nani anaweza kukaa nawe leo? Kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo, kama wengi wanavyoogopa. Mahojiano hayaishi mpaka jina la mtu wa kukaa naye lipatikane na mtu huyo ajulishwe, au msaada wa daktari utafutwe.

Wa tatu ni tishio kwa mtu mwingine. « Yule mama aliyenishtaki, nikimkuta sokoni atajua mimi ni nani. » Maneno hayo yanaweza kuwa hasira ya kupita au mpango. Kufunga faili bila kuuliza zaidi ni kumwacha mama huyo peke yake. Aliyekosewa hayumo chumbani, lakini mahojiano yanamhusu pia.

Wa nne ni pale mtu hajaelewa. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu adhabu zisizo za kifungo, zinazojulikana kama Kanuni za Tokyo, zilipitishwa tarehe 14 Desemba 1990. Zinataka masharti yawe machache iwezekanavyo, yanayotekelezeka na yaliyo wazi, na mkosaji aelezwe mwanzoni kwa mdomo na kwa maandishi. Mtu aliyeitikia kwa Kifaransa ambacho hakijui vizuri hakuelezwa. Aliyepewa karatasi asiyoweza kuisoma hakuelezwa. Na kama kuna mkalimani, huyo naye achunguzwe: je, anatafsiri, au anafupisha kwa sababu amechoka?

Namna ya kufunga

Mahojiano mazuri huanza kumalizwa yakiwa bado yanaanza. Anayehoji anasema mapema muda uliopo na kinachotafutwa: « Mwanangu, tuna kama dakika arobaini. Nataka nijue unaishi vipi nyumbani, halafu nitaandika barua kwa hakimu. Utakayoniambia yanaweza kuingia katika barua hiyo. » Sentensi ya mwisho ina uzito. Mtu anayegundua baadaye kwamba maneno yake yalisomwa mahakamani bila yeye kujua hatasema tena ukweli, wala kwa huyu wala kwa atakayefuata.

Zikibaki dakika kumi, mtu aambiwe. Dakika mbili hazitoshi. Wengi hubeba jambo moja ambalo wamepanga kulisema « baadaye », na onyo hilo ndilo linalowajulisha kwamba baadaye imefika. Swali linaloendana nalo linapaswa kuwa wazi. « Una swali? » hujibiwa « hapana » karibu kila mara. « Kuna jambo gani sijakuuliza ambalo ungependa hakimu alijue? » hufungua mlango mwingine.

Halafu inafuata muhtasari, na muhtasari huo usiwe hotuba. Anayehoji anarudisha alichosikia kwa sentensi nne au tano, akianza na yale ambayo mtu mwenyewe aliyapa uzito, kisha anauliza: « Nimekosea wapi? » Wamarekani na Waingereza wanaofundisha namna ya kumhoji mtu ili apate moyo wa kubadilika, kufuatana na kazi ya William Miller na Stephen Rollnick, wanaupa muhtasari nafasi kubwa kwa sababu hiyo: mtu anasikia maneno yake yakitoka kinywani mwa mwingine, na hapo anaweza kuyasahihisha, au kushangaa kwamba aliyasema.

Baada ya muhtasari kinakuja kitu kimoja cha kufanya. Kimoja, kidogo, chenye siku. « Utabadilika » si kitu cha kufanya. « Jumatatu utaenda na shangazi yako shuleni kuuliza kama watakupokea » ni kitu. Aliyeondoka na mambo saba atatekeleza sifuri na ataogopa kurudi. Ni vizuri yeye mwenyewe ndiye achague, hata kama anayehoji angechagua jingine.

Miadi inayofuata ipangwe kwa kuangalia maisha ya mtu. Siku ya soko mama anayeuza unga hatakuja. Anayetoka mbali atahitaji nauli ya basi kwenda na kurudi, na kukosa nauli kusije kukaandikwa kama ukaidi. Tarehe iandikwe kwenye kipande cha karatasi kikubwa kiasi cha kutopotea mfukoni, isomwe kwa sauti, na mtu airudie. Aambiwe pia afanye nini akishindwa kuja: apige simu wapi, aje kwa nani.

Mwisho kabisa, maneno ya kuagana yasiwe ya kumchoma. Kusifu kwa uongo hakufai, lakini karibu kila mtu amefanya kitu kinachostahili kutajwa: alikuja kwa wakati, alikiri jambo gumu, alimtaja mdogo wake kwa upendo. Hilo likisemwa kwa jina lake, wakiwa wamesimama, linatembea na mtu hadi nyumbani.

Neno la mlangoni

Na baada ya yote hayo, kijana anageuka mlangoni.

Haina maana kwamba mahojiano yalikuwa mabaya. Mlangoni mtu ana nguvu ambayo hakuwa nayo kwenye kiti. Anaweza kusema na kuondoka. Hatazamwi usoni kwa muda mrefu. Anapima pia: je, huyu mama atasimama kunisikiliza, au atatazama kolidoo?

Kinachofuata kinategemea swali moja: jambo hili linaweza kungoja? Kama ni hasira dhidi ya shule, deni dogo, ugomvi na msichana wake, linaweza. Lakini haliachwi hewani. « Nimesikia. Ni jambo kubwa, halistahili kuzungumzwa mlangoni. Alhamisi tutaanza nalo. » Na Alhamisi lazima waanze nalo, la sivyo hatasema kitu cha pili.

Kama linagusa usalama, haliwezi kungoja. Asistanti anarudi kwenye kiti, mlango unafungwa, na faili linafunguliwa upya. « Nitapigwa tena » lina neno « tena » ndani yake. Lini? Kwa nini? Nani mwingine aliona? Kuna ndugu gani mwingine anayeweza kukupokea? Watu sita walio nje wataarifiwa kwamba zamu yao itachelewa. Watanung'unika, na wana haki. Lakini kati ya kuchelewesha watu nusu saa na kumpeleka mtoto kwa hakimu na ripoti inayomrudisha kwenye kipigo, uzito haulingani.

Kuna mtego mmoja hapo. Kijana anaweza kusema: « Lakini usimwambie hakimu. » Jibu la uaminifu ni gumu: ahadi hiyo haiwezekani. Kinachowezekana ni kumweleza jambo litaandikwa vipi, nani atalisoma, na litafanyiwa nini ili mjomba asimlipizie kisasi. Mtoto anayeambiwa ukweli huo anaweza kukasirika leo. Anayedanganywa ataupoteza mwaka mzima wa imani.

Na kuna upande wa pili wa sarafu: wapo wanaojua nguvu ya mlango na kuitumia. Kila wiki, wakati wa kuondoka, huja na balaa jipya ili kikao kiwe kirefu au ili masharti yasahaulike. Dawa yake si ukali. Ni kuuliza swali la wazi mapema zaidi, zikiwa zimebaki dakika kumi na tano, na kukitaja kinachotokea bila kejeli: « Nimeona mambo makubwa hutujia mlangoni. Leo tuanze nayo. »

Mlango ukishafungwa

Mahojiano hayajaisha mtu anapotoka. Robo saa inayofuata ni ya kalamu. Kumbukumbu ya maneno kamili hupungua haraka, na ya aliyemhoji mwingine mara moja huchanganyika. Yaandikwe mambo matatu tofauti bila kuyachanganya: aliyoyasema mtu, yaliyoonekana kwa macho, na maoni ya anayehoji. Hakimu anaposoma « anaishi katika mazingira mabaya », hajui kama ni kilio cha mtoto au dhana ya mwandishi.

Iandikwe pia jinsi kikao kilivyoisha: kilikatizwa? Kwa nini? Mtu aliondoka katika hali gani? Aliyempokea wiki ijayo huenda akawa mwenzake, kwa sababu likizo, ugonjwa na uhamisho havina taarifa.

Kuagana kwa kweli

Mwisho mwingine husahaulika zaidi: mahojiano ya mwisho kabisa, muda wa uangalizi unapokwisha. Mara nyingi hakuna. Karatasi inapigwa muhuri na mtu anasikia kwa jirani kwamba yuko huru. Kwa kijana ambaye watu wazima wengi wa maisha yake waliondoka bila kuaga, hiyo ni mara nyingine ya kuachwa.

Kikao hicho kitangazwe wiki kadhaa mapema, na miadi ipunguzwe polepole, kutoka kila wiki hadi kila mwezi. Siku yenyewe, mtu aulizwe ni nini kilichomsaidia, ni saa gani au mahali gani bado pana hatari kwake, na atamwendea nani akiteleza: mchungaji, mwalimu, dada mkubwa, mkuu wa avenyu. Kama kuna karatasi inayoonyesha kwamba ametimiza masharti, apewe mkononi. Wapo ambao kabla ya siku hiyo karatasi pekee ya serikali iliyobeba majina yao ilikuwa ya mashtaka.

Yote haya hayahitaji majengo mapya wala mashine. Yanahitaji muda ambao wafanyakazi wachache, wenye faili nyingi na mishahara isiyotosha, mara nyingi hawaupati. Viongozi wa mahakama wanaopanga watu kumi kwa siku kwa asistanti mmoja wanapanga pia, bila kusema, kwamba neno la mlangoni halitasikilizwa.

Kijana wa mfano wetu bado amesimama pale, mkono kwenye kitasa. Ripoti ya mjomba imeshaandikwa na inaonekana safi. Mama asistanti anaitazama saa, anatazama kolidoo, kisha anavuta kiti.

« Rudi ukae, mwanangu. Bado hatujamaliza. »